Mapazia ya dirisha kwa mashuka yaliyochoka na khanga za sandukuni

Ukishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hela ya kwenda dukani kuulizia mapazia huwa haipo. Usiku wa kwanza unatundika khanga dirishani kwa misumari miwili, alfajiri upepo wa baharini unaing'oa upande mmoja, na watoto wa jirani wanakupa shikamoo ungali kitandani. Mimi nilianzia hapo: chumba na sebule, Magomeni ya Mtwara, madirisha matatu na mlango wa mbele. Yote nimeyavisha kwa vilivyokuwemo sandukuni: mashuka mawili, doti moja ya khanga, kitenge kimoja, vitambaa vya makochi alivyofuma shangazi, na suruali ya jinzi iliyopasuka magoti. Nilichonunua ni uzi, mabomba na misumari.

Shuka kuukuu watu hulidharau, lakini kwa kazi ya pazia linakishinda kitambaa kipya cha bei ya chini. Limeshamaliza ubishi wake. Kama lilikuwa la kusinyaa, limeshasinyaa. Kama la kuchuja, limeshachuja. Pazia langu la kwanza kabisa, kabla ya haya, lilikuwa la jikoni, na nililishona kwa pamba mpya bila kuifua kwanza. Nilipoliloweka mara moja tu likapanda, chini pakabaki wazi upana wa kiganja, na kila anayepita uani akawa anaona nimepika nini. Shuka la miaka mitano halikufanyii hivyo. Ila halichakai lote kwa pamoja, na kabla hujashika mkasi lazima ujue wapi ni zima na wapi limekwisha.

Lisome shuka juani

Lifue, lianike, likikauka mwite mtu mshike pembe nne mkilielekeza kwenye jua. Palipo pazima utaona weupe tu. Palipochoka utaona nyuzi mojamoja kama wavu, na kivuli cha mwenzako upande wa pili kikiwa na pua na masikio. Mara nyingi ni katikati, mabega na nyonga vinapolala, na pale visigino vinaposugua. Kingo za pande zote huwa nzima kwa sababu zilikuwa zimechomekwa chini ya godoro miaka yote hiyo.

Zungushia palipochoka kwa kipande cha sabuni kavu. Kisha weka vidole gumba viwili pembeni ya alama na uvute kwa nguvu kidogo. Kikilia na kuachana, hicho kimekufa, kikate. Kikinyooka na kurudi, kina miaka kadhaa bado.

Halafu madoa. Huku kusini tuna doa moja lisilo na dawa, doa la bibo. Shuka lililobebea mabibo msimu wa korosho hubaki na rangi ya kahawia, na ukilimwagia dawa ya kung'arisha utatoboa kitambaa kabla doa halijahama. Usishindane nalo. Pima hivi kwamba liingie ndani ya pindo la chini, au likae upande utakaofichwa na kabati. Kama madoa yametapakaa, na shuka ni la pamba, lichovye rangi nzito: bluu ya giza au kahawia yenyewe. Kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja uuguse na moto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ya kiwandani inayeyuka na kuwa kipunje kigumu. Hiyo ya kuyeyuka rangi ya kuchovya haishiki vizuri, na pasi yake iwe ya uvuguvugu.

Vingine vya kutumia: vitenge, vikoi, vitambaa vya meza, foronya (foronya moja inatosha kidirisha cha choo). Taulo zima na blanketi achana navyo, vinakunywa unyevu na masika ukutani vitaota madoa meusi. Chandarua kilicho kizima kiache kitandani. Najua kinapendeza kikiwa shela nyuma ya pazia, nimeona kwa watu, lakini malaria huku haitanii.

Pima bomba, usipime dirisha

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtu anapima dirisha futi 4, anakata kitambaa futi 4, pazia likishafungwa linakaa limekakamaa kama shuka la hospitali na pembeni mwanga unaingia. Pazia linahitaji marinda, na marinda ni upana wa ziada.

Chukua dirisha langu la sebuleni, futi 4 kwa 4. Bomba nalifunga inchi 6 juu ya dirisha na kulizidisha inchi 6 kila upande, kwa hiyo bomba ni futi 5. Upana wa kitambaa uwe bomba mara moja na nusu, ukijaliwa mara mbili. Yaani futi 7 na nusu hadi 10. Chini ya hapo usikubali. Afadhali dirisha moja lipendeze na jingine lisubiri.

Urefu sasa: inchi 6 za juu, futi 4 za dirisha lenyewe, inchi 6 za kushuka chini ya dirisha, jumla futi 5. Ongeza inchi 4 za njia ya bomba (mkunjo wa juu linamopita bomba) na inchi 5 za pindo la chini. Unahitaji futi 5 na inchi 9.

Shuka langu lilikuwa futi 7 kwa 8. Ukilisimamisha kama linavyolala kitandani unapata upana wa futi 7 tu, haufiki. Lilaze ubavu: futi 8 ziwe upana, futi 7 ziwe urefu. Upana umetosha, na kwenye urefu kinabaki kipande cha inchi 15 chenye urefu wa futi 8. Usikitupe, tutakirudia.

Pima kila dirisha peke yake hata kama yanafanana kwa macho. Kwenye nyumba za zamani, kama zile za mawe kule Mikindani, madirisha mawili ya ukuta mmoja yanaweza kupishana kwa kiganja kizima.

Kuchana na kubadilishana pande

Kwanza toa kile kipande cha inchi 15. Kisha likunje shuka katikati ya ule upana wa futi 8, weka alama, kata kwa mkasi inchi moja tu, weka mkasi chini. Shika pande mbili na uchane. Shuka la pamba linapasuka kufuata uzi wake, likilia krrr hadi mwisho, na mstari unatoka umenyooka kuliko mkono wa fundi yeyote. Likigoma na kuanza kwenda mshazari, acha, rudi kwenye mkasi.

Una vipande viwili vya futi 4 kila kimoja. Palipochoka sasa pako kwenye kingo ulizochana. Ukivitundika hivyo hivyo, kingo hizo zitakutana katikati ya dirisha, mahali mkono unaposhika kila asubuhi na kila jioni, na hazitamaliza mwaka. Kwa hiyo badilisha: cha kulia kiende kushoto, cha kushoto kiende kulia. Kingo zilizochoka zinakwenda kulala ukutani, hakuna anayezivuta. Zile zenye pindo la shuka lenyewe, zilizokuwa kichwani na miguuni, ndizo zinakutana katikati, na tayari zina mshono wa kiwandani. Umeokoa kazi ya pande mbili. Mwenzangu mmoja nilipomwonyesha alicheka, akasema mashuka yake yote aliyokwisha kuyafanya madekio yangekuwa nyumba nzima sasa hivi.

Kama katikati pameisha kabisa, pakate pote na uunge ukanda wa kitenge wa inchi 10 au 12 wima pembeni mwa kila kipande. Weka ukanda upana ule ule pande zote mbili, mgeni atadhani ulipanga.

Kushona

Ukiwa huna cherehani, mikono inatosha. Ni mishono ya kunyooka tu. Mimi pazia la kwanza nililishona kwa mkono, jioni nne, umeme ukikatika nasimama.

Anza na kingo ulizochana. Kunja nusu inchi, piga pasi, kunja inchi moja tena, piga pasi, piga bandi (mishono mirefu ya kushikilia kwa muda) kwa uzi wa rangi tofauti, kisha shona. Pasi usiiruke. Pindo lililopigwa pasi linajishika lenyewe. Lisilopigwa litakutembea mkononi na mwisho utapata nyoka.

Juu, njia ya bomba. Kunja nusu inchi, pasi. Kunja tena inchi 3 na nusu, pasi, bandi. Shona mstari wa kwanza chini kabisa ya mkunjo, halafu mstari wa pili inchi moja kutoka ukingo wa juu. Bomba litapita kati ya mistari hiyo miwili, na ile inchi ya juu itasimama kama kofia ndogo yenye marinda. Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inakwenda mbele hatua mbili, inarudi moja. Ni wa polepole, lakini uzi ukikatika sehemu moja haufumuki wote.

Kama pazia lako ni la kufunguliwa na kufungwa kutwa, njia ya bomba itakuudhi, kitambaa hakitelezi. Shona vitanzi. Kata mikanda ya inchi 5 kwa 9, ikunje kwa urefu, ishone, igeuze, ipige pasi, ikunje iwe kitanzi na uishikize juu ya pazia kila baada ya inchi 6. Ringi za chuma za bei rahisi sizipendi kabisa kwa mji wa pwani: hewa ya chumvi inazipandisha kutu, na kutu inashuka kwenye kitambaa kama machozi.

Pindo la chini usilishone bado. Likunje na ulipige bandi tu.

Ukiamua kumpelekea fundi cherehani, nenda naye ikiwa vipande vimeshachanwa, vimepigwa pasi, bandi ipo. Mwambie unataka mishono ya kunyooka pekee, na mpatane bei kwa dirisha kabla hajakanyaga cherehani. Ukimpelekea shuka zima ukamwambia "nitolee pazia", utalipia kupima, kukata na kufikiri kwake, na palipochoka hatapaona. Fundi mmoja alinikatia shuka la pili namna hiyo. Akaweka kipande chembamba kama karatasi palepale katikati, wiki ya pili mtoto akaning'inia, likapasuka toka juu hadi chini. Aliponiuliza mbona shuka lenyewe lilikuwa bovu, sikuwa na la kumjibu.

Khanga na jina lake

Khanga moja ni takribani sentimita 150 kwa 110, na doti ni khanga mbili, kwa hiyo dirisha moja linakula doti moja. Jaribu kutokata pindo la khanga. Pindo ndilo linaloifanya khanga iwe khanga. Ukiliondoa unabaki na kitambaa chenye maua.

Kuna namna mbili. Ya kwanza, isimamishe: sentimita 150 zishuke, 110 ziwe upana. Inafaa dirisha la futi 4, ila jina litasimama wima na mgeni atalazimika kulaza shingo kulisoma. Ya pili, iache ilale kama inavyovaliwa, jina chini, lisomeke. Hapo kimo ni 110 tu na hakitoshi, ndipo vile vipande vya inchi 15 tulivyobakiza vinapopata kazi. Nilikuwa na mashuka mawili, kwa hiyo vipande viwili. Kila khanga niliiunga juu kwa ukanda wa shuka wenye urefu wake, njia ya bomba nikaitengeneza kwenye ukanda huo, na chini nikaacha pindo jembamba la sentimita 2. Pazia likashuka sentimita 134 kutoka kwenye bomba. Dirisha la chumbani lina kimo cha futi 3, likafunikwa na kuzidi chini kwa zaidi ya kiganja. Upana wa khanga mbili ni sentimita 300 kwa bomba la sentimita 152, karibu mara mbili kamili. Hilo ndilo pazia langu zuri kuliko yote.

Mshono wa kuunga uweke mshono juu ya mshono: geuza kingo zote mbili zifichwe ndani, la sivyo khanga, ambayo nyuzi zake ni laini, itafumuka kwenye kufua.

Angalia sana jina kabla ya kutundika. Ukiielekeza ndani, nje herufi zinaonekana kinyume kama kwenye kioo. Ukiielekeza nje, unamsomea mtaa. Mimi kwa ushamba nilielekeza nje khanga yenye fumbo juu ya wenye husuda, dirisha likitazamana na la mama wa nyumba ya pili. Alinuna wiki mbili. Shikamoo naitikiwa kwa shida. Hatimaye nikaenda na sahani ya mihogo na maelezo, nikaligeuza pazia siku hiyohiyo.

Jua na upepo

Mtwara na Lindi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Dirisha linalotazama kaskazini linapigwa miezi yote hiyo, na la magharibi linapigwa kila jioni ya mwaka. Hayo mawili yawekee bitana: shuka jeupe, hata lililochoka kidogo, limeshonwa juu tu pamoja na njia ya bomba, chini liachie huru na liwe fupi kwa inchi moja. Likiachwa huru linakauka upesi likifuliwa, na rangi ya khanga haiungui. Dirisha la kusini halihitaji.

Kusi nayo ikianza kuvuma, pazia jepesi linaruka hadi kwenye taa, au linatoka nje kupitia nondo na kurudi limechanika. Uzito wake uko kwenye ile suruali ya jinzi. Kata mikanda ya inchi 4 kutoka mapajani, iunganishe, iingize ndani ya pindo la chini kabla ya kushona. Hakuna atakayeiona, na pazia linatulia. Wapo wanaotia chubwi za mishipi ya kuvulia. Zile nyingi ni risasi, sumu, na mtoto anatafuna kila anachokipata, usitie.

Jikoni pazia liishie juu kabisa ya meza, mbali na jiko, na liwe la pamba. Kitambaa cha kuyeyuka kikishika moto kinaganda kwenye ngozi. Mshumaa wa usiku wa giza pia usikae dirishani.

Bomba na kutundika

Bomba la plastiki la nyaya za umeme linafaa kwa futi 4. Likizidi hapo litapinda tumbo, weka shikizo katikati. Mwanzi mkavu ulionyooka unafaa pia, upige msasa nyuzi zisishike kitambaa. Nondo zina uzito na kutu, ziache kwa wajenzi. Kwenye ukuta wa tofali tumia misumari ya zege, na mwulize mwenye nyumba kabla, wengine hawapendi kabisa ukuta uguswe. Nyumba ya miti na udongo msumari hauwezi kukaa ukutani. Funga bomba kwa kamba kwenye fremu ya mbao ya dirisha.

Tundika pazia likiwa na bandi chini, liache siku mbili. Kitambaa kikining'inia kinashuka, na hakishuki sawa pande zote. Siku ya tatu sogea nyuma, tazama, rekebisha bandi, tia jinzi, ndipo ushone pindo la mwisho. Bandi ya rangi tofauti ichomoe mwishoni.

Vitambaa vya makochi vya shangazi, ambavyo siku hizi hakuna anayetandika, nilivishikiza kwa mstari juu ya pazia la sebuleni vikining'inia kwa ncha. Alipokuja kutoka Lindi alisimama mlangoni akivitazama, akasema tu, "Kumbe bado mnavyo." Kisha akavihesabu.

Mlango wa mbele

Pazia la mlango kwetu linafanya kazi kuliko mlango wenyewe, kutwa mlango uko wazi. Kitenge kinatosha: mlango wa futi 3 haudai marinda mengi. Kisimamishe, ila pima kwanza kama urefu wake unatosha mlango wako. Weka njia ya bomba juu kama ya dirisha. Chini lisifike sakafuni, acha inchi 4, la sivyo kila anayedeki atalilowesha na kuku atalifanya pa kujificha. Mkanda uliobaki kwenye vitanzi upigilie kwa msumari mdogo kwenye fremu ya mlango, usawa wa kiuno. Mchana unalifungia pazia hapo upepo uingie, magharibi unalifungua.